Benchi la Nusu Saa

Jina la Nusu Saa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, tena wateja waliokuwa wamekasirika. Ukifika kwenye karakana yake gari linatoa mvuke kwenye boneti, nawe una haraka zako na jasho linakutiririka, atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, kisha atakuonyesha benchi la mbao lililoegemea ukuta. "Kaa hapo nusu saa," atasema. Ukimwambia unawahi mkutano, atakujibu kwamba mkutano bila wewe utaisha mapema na wenzako watakushukuru. Ukimwambia afungue tu rejeta atie maji, atakunja mkono wa shati na kukuonyesha mkono wake wa kulia, ambao kuanzia kiwiko hadi kiganjani ngozi yake imejikunja na inang'aa.

"Huyu alikuwa mjanja," atasema, akijitaja mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na tisa. "Alifungua kifuniko injini ikiwa moto."

Basi mteja hukaa. Anune, asonye, lakini atakaa. Na mambo mengi mema yamefanyika kwenye benchi lile. Mwalimu mkuu mmoja amesahihisha hapo mitihani ya darasa zima. Mume na mke waliokuwa hawasemezani wiki nzima walianza kusemezana kwa sababu hawakuwa na la kufanya, na gari lilipopoa wakaomba waongezewe dakika kumi. Mke wa Nusu Saa, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliposikia habari hizo alilishonea benchi mto mrefu wa kitambaa kizito. Nusu Saa mwenyewe hakuwahi kulikalia. Alisema benchi ni la wagonjwa, daktari husimama.

Kitu alichokijua kuliko watu wote wa mtaa ule ni kifuniko cha rejeta. Angeweza kukieleza mpaka ukasinzia. Watu, alilalamika, hununua tairi nne mpya na redio ya kutikisa vioo vya majirani, lakini kifuniko ni kile kile walichokutana nacho siku walipolinunua gari. Wanakiona kama mfuniko wa sufuria. Kumbe kile ndicho kinachoyabana maji yasichemke kabla ya wakati. Injini ikipata moto maji yanavimba, kifuniko kinayaachia kidogo yapite kwenda kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, kifuniko hicho hicho kinayaruhusu yarudi nyumbani. Kazi yote hiyo inafanywa na springi moja na mipira miwili ya duara. Kwa hiyo kila gari likija kwa matengenezo, hata kama limeletwa kwa ajili ya breki, atakivua kifuniko, ataosha mipira kwa maji safi, ataibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, mpira ni mzima. Usipoacha alama, mpira umekufa, na kifuniko kinakwenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu bila huruma.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyerithi jina la bibi yake mzaa baba. Kwa sababu hiyo Nusu Saa hakuweza kumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita mama. Yeye na mkewe waliitana mwenzangu, na mambo yakaenda bila kuchanganyana.

Binti alisomea kupima maji. Si maji ya rejeta, ni maji ya kunywa: kuchota kwenye visima na chemchemi, kutia kwenye vichupa, kusoma mistari myembamba kwenye mirija ya kioo na kusema haya yanafaa, haya hayafai. Mwaka huo akapata kazi katika mji ulio mwendo wa saa saba kwa gari. Ilikuwa kazi nzuri yenye sharti moja: mfanyakazi aje na gari lake, kwa sababu visima vimetawanyika. Aripoti Jumatatu asubuhi. Asipofika, yupo aliyeshika nafasi ya pili katika usaili, na huyo gari analo tayari.

Alinunua gari dogo la kijivu kwa akiba yake na ya mama yake. Lilikuwa la zamani, lakini halikuwa limechoka. Mama mtu naye akatoa sharti lake mezani, kijiko mkononi. "Hutoki hapa na hilo gari mpaka baba yako atamke kwamba liko salama. Akitamka, mimi sitatia neno."

Binti akakubali. Kwa hiyo kazi yote, na maisha yaliyokuwa yakimngoja huko, yalikuwa yananing'inia kwenye sentensi moja ya Nusu Saa.

Siku gari lilipoingia karakanani, Nusu Saa alilipokea kama mgeni rasmi. Aliosha rejeta, akabadilisha mabomba ya mpira na mkanda wa feni. Alipomaliza akakivua kifuniko cha gari, kitu cheusi kisicho na makuu wala kasoro, akakitupa kwenye ndoo. Kisha akapanda juu ya kigoda na kuufikia ubao wa juu wa rafu. Hapo, peke yake juu ya kitambaa kilichokunjwa, palikuwa na kifuniko kingine kinachometameta.

Kilikuwa cha gari lake la kwanza. Kwa gari hilo alimleta binti nyumbani kutoka hospitali akiwa mtoto wa siku tatu, akaendesha polepole kiasi kwamba waenda kwa miguu walimpita na madereva wa nyuma wakamtolea kila tusi walilolijua. Alipokuja kuliuza, alimpa mnunuzi kifuniko kipya, kile cha zamani akabaki nacho. Tangu hapo, kila Ijumaa, alikipangusa. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na minne ya kupangusa.

"Hiki kilikuleta nyumbani," alimwambia binti. "Sasa kitakupeleka kazini."

Akakifunga. Namba ya nguvu ya kubana iliyochapwa juu yake ilikuwa ile ile inayotakiwa, sifuri nukta tisa, na shingo ya rejeta ilikipokea bila ubishi. Binti alilengwalengwa na machozi. Hata Waya, fundi umeme wa magari aliyekuwa na kibanda chake kwenye ua huo huo na mzaha kwa kila jambo, alijifanya anatafuta koleo lake chini ya meza.

Ilikuwa Jumatatu. Siku tano zilikuwa zimebaki, maana binti alipanga kuondoka Jumamosi.

Jumanne walilipandisha gari mlimani kulijaribu, na mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Asubuhi iliyofuata Nusu Saa alikuta maji ya rejeta yameshuka, ya chupa ya akiba yamepanda. Akajaza rejeta. Walipolijaribu tena Jumatano hiyo, ikawa vile vile, ila zaidi. Akabadilisha themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto. Akaifungua feni na kuifunga tena. Alhamisi, gari likiunguruma pale uani, aliona mapovu yakipanda ndani ya chupa, akashika kiuno na kuyatazama kwa muda mrefu. Fundi yeyote aliyekomaa anayajua mapovu hayo na anayaogopa.

"Gasketi ya hedi," alisema. "Imeungua ile inayoziba kichwa cha injini, sasa moto unayasukuma maji nje. Lazima injini ifunguliwe."

"Muda gani, baba?" binti aliuliza.

"Kufungua, kupeleka hedi ikasawazishwe, kungoja foleni ya huko. Wiki mbili tukiwa na bahati."

Binti hakulia wala kubishana. Alitikisa kichwa kidogo, akaifunga boneti taratibu. Nusu Saa akaenda kunawa mikono kwenye bomba.

Sasa kuna jambo lazima lisemwe, ingawa mwenyewe asingependa lisemwe. Uso wake ulikuwa wa msiba, lakini moyoni alikuwa amepata nafuu. Wiki mbili. Kwa wiki mbili zaidi angesikia viatu vya binti vikivuliwa mlangoni na angebishana naye juu ya nani amalize chai. Aliijua nafuu ile ilikotoka na akaionea aibu, lakini haikuondoka.

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Walipokaa kula, binti akiwa bado anaoga, alimtazama mumewe juu ya sahani. "Mwenzangu, niambie kweli. Linaloumwa ni gari au unaumwa wewe?"

"Mimi ni fundi. Nasema ninachokiona."

"Basi angalia vizuri," alisema mkewe, akamwongezea mboga. Yeye akigombana na mtu humwongezea chakula.

Ijumaa asubuhi Nusu Saa alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, Waya alikuwa amekumbatia betri ya mtu. Binti alikuja na daftari lake. Kumbe tangu Jumanne alikuwa akipima. Alibandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye chupa ya akiba na kuchora mistari. Alikuwa na kijiti alichokitumbukiza kwenye rejeta kila asubuhi kabla baba yake hajamimina maji. Kupima maji ndiyo kazi yake, na hakuona sababu ya kungoja Jumatatu ndipo aianze.

Alikaa kwenye kigoda akayajumlisha. Kilichopungua kwenye rejeta kilikuwa sawasawa na kilichoongezeka kwenye chupa. Hakuna tone lililopotea. Kama injini ingekuwa inayala maji, yangetokomea kwenye moshi na hesabu isingelingana. Maji yalikuwa yanatoka na yote yapo; yalikuwa hayarudi tu. Na kazi ya kuyarudisha ni ya nani, hilo alilijua tangu hajajua kusoma, kwa maana alikua akilisikia likihubiriwa kwa kila aliyekalia benchi.

Injini ilikuwa baridi. Akakivua kifuniko kinachometameta. Akatoa kwenye droo ile pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kipimo, ambayo baba yake huitumia kupima vifuniko vya wateja, akakifunga hapo na kupampu. Mshale ukapanda kidogo, ukasita, ukaanguka. Akarudia mara ya pili na ya tatu, kama alivyofundishwa chuoni. Mwisho akaubonyeza mpira kwa ukucha. Haukuacha alama.

Akabaki na kitu hicho mkononi. Wateja walikuwa wanatazama. Waya alikuwa anatazama, na Waya akipata neno halifiki jioni kabla mtaa mzima haujalipata. Binti akakifunga tena kwenye pampu, akaenda akachuchumaa karibu na miguu ya baba yake iliyochomoza chini ya gari.

"Baba, samahani. Naomba unisomee hiki kipimo. Leo macho yangu hayaoni vizuri."

Nusu Saa akajivuta nje, akapangusa mikono, akaipokea pampu. Akapampu. Mshale ukafika kwenye sifuri nukta tatu, ukasimama kitambo, ukashuka hadi sifuri. Akapampu tena, ukashuka tena. Akakivua kifuniko, akakigeuza, akaubonyeza mpira. Ulikuwa mgumu kama kifungo cha koti.

Akainua macho kumtazama binti. Huyu ndiye mwenye macho yanayosoma mistari ambayo watu wengine hawajui kama ipo. Nusu Saa akaelewa alichofanyiwa. Angeweza kukitia kifuniko mfukoni na kusema ngoja nitakiangalia baadaye, na binti asingesema kitu hadi kufa. Binti alikuwa amemwachia mlango huo wazi makusudi.

"Vipi huko?" Waya aliuliza, betri bado kifuani.

"Gasketi ya hedi ni nzima," alisema Nusu Saa kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi. "Mbovu ni fundi."

Akaenda mwenyewe mbele ya wale wateja wawili, akawaonyesha kama anavyowaonyesha vifuniko vyao. "Mnakiona? Miaka ishirini na minne nakipangusa juu kinang'aa. Ndani sijakigusa hata siku moja. Nyinyi nawagombeza kwa kifuniko cha miaka mitano, mimi nimemfungia mwanangu maiti."

"Na yale mapovu?" aliuliza Waya.

"Hewa. Injini ikipoa rejeta inavuta, maji hayapiti, inaingia hewa ya nje. Ikipata moto, hewa inatoka kupitia kwenye chupa. Kitu ambacho ningemweleza mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

Waya akaitua betri ili acheke vizuri. "Kwa hiyo mgonjwa leo ni daktari. Nenda ukakae benchi."

"Siku yangu itafika," alisema Nusu Saa. Lakini alikuwa anacheka, na wale wateja wakacheka naye, na mmojawao akauliza kwa unyonge kama chake pia kinaweza kupimwa.

Kile cheusi cha mwanzo kilikuwa kimeshaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo kununua kipya alimtuma binti mwenyewe. Muuza vipuri alijaribu kumpa cha namba kubwa, akidai kikubwa ndicho imara, naye akamjibu kwamba rejeta ya zamani ukiibana kupita kiasi itapasuka mahali pengine. Alirudi na cha sifuri nukta tisa, cheusi, kisicho na makuu. Nusu Saa akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani ili isimsaliti, akamwacha afanye. Binti alipangusa shingo ya rejeta kwa kitambaa, akapitisha kidole kuangalia kama kuna kutu au mkwaruzo. Alilowesha mpira kwa maji, akakiweka kifuniko, akakibonyeza na kukizungusha. Kikalia tik mara ya kwanza. Akaendelea hadi kikalia mara ya pili.

"Wengi huishia mlio wa kwanza," alisema baba yake.

"Najua, baba. Umesema mara elfu."

Wakaenda mlimani. Mshale ukapanda hadi katikati, ukakaa hapo. Jumamosi asubuhi, kabla chai haijaiva, wote watatu waliinamia boneti wakiwa na kandambili. Maji ya rejeta yalikuwa shingoni, na chupa ilikuwa imeshuka hadi kwenye mstari wa binti.

Mkewe akamgeukia Nusu Saa na kungoja. Binti naye akangoja. Nusu Saa alikuwa amedhani sentensi ile itamshinda kuitamka, lakini ilitoka kama sentensi nyingine.

"Gari liko salama," alisema. "Nenda, mama."

Mkewe, kama alivyoahidi, hakutia neno. Alitia blanketi, ndizi, na vitambaa vinne vya dirisha alivyovishona bila kujua dirisha lina upana gani. Nusu Saa akaongeza sharti lake dogo: ukifika nusu ya njia, zima injini, subiri nusu saa, fungua uangalie maji. Binti akaahidi. Gari la kijivu likakata kona, na baba mtu akaenda karakanani mapema kuliko kawaida, maana nyumbani hapakumkalika. Kile kifuniko cha zamani alikirudisha juu ya kitambaa chake. Chini yake akabandika karatasi: Cha kutazama tu.

Karibu na saa sita mchana simu ikaita.

"Baba, nimesimama."

"Gari limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Nimefika nusu ya njia. Niko kituo cha mafuta, nimeegesha pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Ndiyo kwanza nimezima."

Akashusha pumzi. "Vizuri. Subiri nusu saa. Utanipigia ukishafungua."

"Sasa nusu saa nzima nitakaa na nani?"

Nusu Saa akatazama huku na huku. Uani hapakuwa na mteja, na benchi lilikuwa tupu. Akalisogelea, akaketi, kwa mara ya kwanza tangu alipoligongelea misumari. Mto ulikuwa laini kuliko alivyofikiri. Wateja walikuwa wakimlalamikia bure.

"Niko hapa," alisema.

Wakazungumza. Binti alimsimulia lori alilolipita na lingine ambalo hakuthubutu kulipita. Yeye alimsimulia tena ile safari ya kutoka hospitali na matusi ya madereva, na safari hii akayataja matusi yenyewe, kwa kuwa binti alikuwa mtu mzima mwenye gari lake. Binti akacheka hadi akapaliwa. Halafu Nusu Saa akatazama viatu vyake.

"Mama, nikwambie kitu. Alhamisi, niliposema injini ifunguliwe. Nilifurahi."

"Najua, baba."

"Mama yako amekwambia?"

"Hapana. Ulipokwenda kunawa mikono ulikuwa unapiga mluzi."

Mluzi ule Nusu Saa mwenyewe hakuwa ameusikia.

"Sikukasirika," binti alisema. "Nilisikia, nikajua nitaukumbuka mluzi huo. Ndiyo maana nikapima mara tatu, nisije nikawa nakosea kwa haraka ya kuondoka."

Hapo Nusu Saa alijifuta uso kwa kitambaa cha mafuta machafu, na akabaki na mstari mweusi shavuni hadi jioni. Hawakuangalia saa. Mwishowe binti ndiye aliyesema muda umepita, tena umepita sana. Akasikia boneti ikiinuliwa, kisha kimya, bila mlio wa mvuke.

"Maji yako shingoni. Chupa iko kwenye mstari."

"Funga mpaka mlio wa pili."

"Nimefunga."

"Haya. Barabara njema, mama."

Simu ikakatika. Nusu Saa akaishika mapajani, akaegemeza mgongo ukutani. Kutoka kibandani mwake Waya alichungulia, waya mdomoni, akamwona pale alipokaa na mstari wake mweusi shavuni.

"Mgonjwa, nusu saa imekwisha. Inuka."

"Bado napoa," alisema Nusu Saa.

Waya akarudi kwenye kazi yake na kumwacha. Baada ya muda akasikia mluzi.